Duara tupu kwenye agari: linasema nini, halisemi nini

Jaribio la kupima dawa za kuua vijidudu ni jepesi: bakteria hupakwa kwenye sahani ya agari (rojo iliyoganda ya kukuzia vijidudu), juu yake huwekwa vidoto vya karatasi ya kuchujia vilivyochovywa kwenye spiriti, Dettol au klorini, na kesho yake hupimwa duara ambamo hakikuota kitu. Ubishi ni kama maabara ya sekondari ya kawaida huku Mtwara ilifanye.

Hoja nzito ya wanaokataa ni chanzo cha bakteria. Shule isiyo na mbegu ya bakteria inayojulikana, kama Bacillus subtilis, hukimbilia kufuta kitasa cha mlango au kiganja kwa pamba. Hapo hujui unakuza nini. Huenda ni Staphylococcus aureus wa puani mwa mtu, tena kwa mamilioni. Joto nalo halisaidii. Shuleni hukuzwa kwenye nyuzi 25 hadi 30, ili vijidudu vilivyozoea nyuzi 37 za mwili visistawi. Chini ya bati, mchana wa Desemba pwani, chumba huweza kupita hapo bila inkubeta (kisanduku cha kutunza joto). Boksi la barafu la wavuvi lenye chupa ya maji baridi hupunguza tatizo.

Wanaokubali husema vifaa si kisingizio, na wana haki. Sufuria ya presha inayofika nyuzi 121 hutakasa agari kwa dakika 15, zikihesabiwa tangu presha ifike kileleni. Gramu 2.8 za agari ya virutubisho kwa mililita 100 za maji hutosha sahani tano. (Mwani unaolimwa Lindi na Mtwara hautoi agari bali karajini, aina nyingine ya rojo, kwa hiyo ya kununua haiepukiki.) Mimina agari chupa yake ikishikika mkononi, kama nyuzi 50. Ikiwa moto zaidi, mvuke huganda kwenye kifuniko, matone huanguka na bakteria husambaa ovyo. Ndiyo maana sahani hulazwa kifudifudi. Mkanda wa kufungia kifuniko uwe vipande viwili tu, maana kuziba hewa kabisa hukaribisha vijidudu visivyohitaji oksijeni.

Kinachonisumbua zaidi ni usomaji wa matokeo. Spiriti ya asilimia 70 huua vizuri kwenye ngozi, lakini kwenye kidoto huyeyukia hewani mapema, duara likawa dogo. Klorini humalizwa na protini za agari. Kloroksilenoli ya Dettol haipendi maji, hivyo husafiri kwa shida. Mwanafunzi anayepanga dawa kwa ukubwa wa duara anapima mwendo na nguvu kwa pamoja, akidhani amepima nguvu pekee. Wala duara halisemi kama bakteria wamekufa au wamezuiwa tu kuota. Kujua hilo kunataka sahani ifunguliwe, na sahani iliyoota haifunguliwi shuleni.

Mimi jaribio hili ningelifanya, ila kwa dawa moja: kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nusu yake, robo yake, na kidoto cha maji yaliyotakaswa. Nyumbani wengi humimina kwa kukadiria, kwa hiyo swali lina maana. Kidoto cha maji nacho kikitoa duara, sahani hiyo haifai. Kidato cha pili watumie hamira kwenye agari yenye sukari. Ni kuvu, si bakteria, na waambiwe hivyo.

Mwishoni sahani zote, zikiwa zimefungwa, hurudi kwenye presha dakika 20 kabla ya kutupwa. Shule isiyo na sufuria hiyo isianze.