Rambirambi sikula

Naomba niongee mwenyewe, maana kuna jamaa yangu wa kazini (anajijua) kashasambaza kwenye grupu kwamba nimejifanya nimefiwa, nikachangiwa, nikaenda kula chipsi kuku. Chipsi kuku sikula. Mengine yote kweli.

Ilianza kama masihara tu. Mtoto wa dada kaniachia tableti yake ina katuni za Spider-Man, zile za zamani kabisa za kuanzia 1963, nikasema ngoja nisome moja nivute usingizi. Usingizi gani! Wiki ya tatu nipo namba mia na ushee, naenda nayo mpaka chooni, mke wangu akiita naitika "subiri, Pweza kamkaba".

Af kuna huyu Gwen. Nyie wa muvi mnaomjua Mary Jane peke yake tulieni kwanza. Gwen anaingia namba 31, wapo chuo na Peter (ndo Spider-Man mwenyewe akivua kinyago), wanakuja kupendana, baba yake Gwen polisi. Namba 90 mzee wa watu anafukiwa na kifusi akimwokoa mtoto. Basi mi nikajua msiba wa ile familia ushapita, kinachofuata ni harusi, kimoyomoyo nishapanga mpaka kamati.

Jana jioni sasa. Daladala ya G'mboto, foleni Buguruni haisogei, nimebanwa dirishani na mama mmoja ana ndoo ya dagaa. Nikafungua namba 121. Na waliochora wahuni wale, jina la hadithi hawajaliweka mwanzoni, wamelificha mpaka ukurasa wa mwisho, ningejua ningesomea nyumbani nimejifungia. Goblin, yule adui wa Spider-Man, kamsukuma Gwen toka juu ya daraja, Spider-Man karusha utando ukamdaka miguuni, nikashusha pumzi mpaka mama wa dagaa akanitazama. Nikarudia picha. Pale shingoni pana kineno kidogooo, mlio wa kitu kuvunjika. Na Peter hajakiona, anamvuta juu huku anajisifu. Anajisifu jamani!!

Nililia. Sio kachozi, kile cha kwikwi, kamasi zimefika kwenye kioo, natelezesha kidole ukurasa haugeuki.

"Baba, kuna nini?"

"Gwen... Gwen amekufa."

Pole zikaanzia siti ya mbele zikaja mpaka nyuma. Konda akanirudishia nauli. Mama akafungua pindo la kanga, katoa elfu mbili, mzee mmoja akavua kofia ikaanza kutembea. Hapo ndo palikuwa pa kusema ukweli, nafasi ipo kabisa, mdomo ukasema "asanteni sana".

"Ni nani yako?"

"Mchumba wa Peter."

"Peter ndo ndugu yako?"

Nikafikiria wiki tatu tulizokaa wote. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kapatwa na nini?"

"Kaanguka darajani."

"Hapo Selander?!"

"New York."

Dereva akazima redio. Naomba mnielewe, dereva wa daladala kazima singeli kwa ajili yangu.

"Masikini. Sasa mwili unaletwa au wanazikia huko huko?"

"Washazika."

"He! Lini, mbona haraka hivyo?"

Mi tarehe siwezi kudanganya, kazi yangu ni kuandika risiti kutwa nzima. Nikasema, "Sabini na tatu."

Kimya. Konda ndo akauliza, "Tarehe gani hiyo?"

"Mwaka."

Kofia ikasimama siti ya tatu. Mama bado kashika pindo la kanga, macho yakashuka taratibu kwenye mapaja yangu, na ile tableti iliyonigomea muda wote, sijui kamasi zilikauka, ukurasa ukageuka wenyewe. Wa mwisho. Lile jina walilolificha limekaa hapo kwa maherufi makubwa, na mwanafunzi aliyesimama juu ya kichwa changu akaona atafsirie gari zima: "Usiku... aliokufa... Gwen Stacy." Katoto ka mbele kakasimama juu ya siti, "Mama, Spaida Meni!" Na huko siti ya nyuma kukatoka kicheko, nikakijua, maana nakisikiaga kila siku ofisini.

Basi. Hela zilirudi zote, elfu nane na mia tano, mzee kachukua kofia yake bila kunitazama, konda kadai nauli upya, nikaona nishukie Tazara nipande gari lingine, kufika nyumbani mke kashatumiwa sauti tatu. Namba 122 nimeisomea barazani. Goblin naye kafa, sikulia.

Ila naruka miguu ya watu nishuke, mama wa dagaa kanidaka shati, nikajua hapa nakula kofi. Akanivuta karibu, kwa sauti ya chini kabisa:

"Sasa huyo Peter alikuja kuoa?"

Nikamwambia mama, sijafika huko.