Usiitupe kabureta ya Land Rover, ipeleke kwa mkerezaji

"Bosi, kabureta hii imekufa, tafuta nyingine." Wenye Land Rover za zamani za petroli tumelisikia sana neno hilo, na mimi silikubali. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, haifi kirahisi hivyo. Inalika, inapinda, inaziba, na karibu kila kilicholika mle ndani kinarudishika. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kubadilisha kabla ya kupima.

Naizungumzia Zenith 36 IV, ile inayokaa juu ya injini ya silinda nne ya cc 2,286 kwenye Series III. Gari hizi zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na kwa majirani zetu Kenya kiwanda cha Leyland pale Thika kiliunganisha Land Rover pia. Oktoba 2024, Arusha ilipojaa Land Rover kwa ajili ya tamasha lake, watu walisifia rangi na bodi. Sawa, zinapendeza. Lakini mimi hutaka kuona chini ya boneti, maana ngapi siku hizi zimeshang'olewa injini yake na kuwekwa ya Kijapani! Na mara nyingi balaa huanzia kwenye kabureta: gari haishiki sailensi (kuunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta), inakunywa mafuta, fundi anahangaika nayo wiki nzima, mwenye gari anakata tamaa, injini inauzwa kilo.

Ugonjwa mkubwa uko kwenye spindeli, ile fimbo nyembamba inayozungusha kisahani cha kabureta. Ukikanyaga mafuta, chini ya kabureta kuna kisahani cha duara kinachofunguka kuruhusu mchanganyiko uingie kwenye injini. Kisahani hicho kimefungwa kwenye spindeli, nayo spindeli inazunguka ndani ya matundu mawili yaliyotobolewa kwenye kiwiliwili, ambacho ni aloi laini tu. Springi inaivuta upande uleule miaka arobaini, vumbi la barabara zetu linaingia humo na kufanya kazi ya msasa, na mwishowe tundu linaacha kuwa duara. Hewa inapata njia ya pembeni.

Ukiwa mwendoni hutaona kitu. Shida inajitokeza injini inapokuwa kwenye sailensi, kisahani kimekaribia kufunga na mvuto ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda, ni mkali. Petroli inataka hewa mara 14.7 ya uzito wake ili iungue vizuri, na kwa kuwa hewa inayohitajika wakati huo ni kidogo, hata upenyo mwembamba kwenye spindeli unaharibu hesabu yote. Fundi anaongeza mafuta kwa skrubu ya mchanganyiko, anapandisha sailensi, gari inatulia. Kesho spindeli imekaa mkao mwingine kidogo na gari inazima kwenye taa. Hapo ndipo kabureta inapotangazwa kuwa imekufa, na hakuna aliyeishika hiyo spindeli kwa vidole kuona kama inacheza.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, itikise spindeli juu na chini. Kisha iwashe, iache ipate moto, udondoshee oili laini kwenye ncha zote mbili za spindeli, tone moja moja. Mlio wa injini ukibadilika, umeshajua hewa inapita wapi. Tafadhali usitumie petroli kwa kipimo hiki, kama ninavyoona wengine wakifanya. Kwenye injini hii manifoldi ya moshi iko chini ya kabureta, upande uleule, na moto wake si wa kuchezea.

Tiba ni bushi, yaani vipete vinavyopachikwa ndani ya matundu yaliyolika. Mpelekee mkerezaji, fundi wa mashine ya kuchonga chuma, kiwiliwili, apanue matundu yote mawili kwa mstari mmoja, asitoboe upande huu kisha akageuza na kukisia ule wa pili, apachike bushi za shaba na kuchonga spindeli inayozikaa bila kucheza. Kabla ya hapo kuna kazi ndogo inayodai utulivu. Zile skrubu mbili za kisahani zimepanuliwa ncha zake kwa makusudi ili zisijifungue. Ukizilazimisha kwa bisibisi utaikata spindeli au kuua nyuzi. Zipige tupa kwanza upande wa nyuma, taratibu, ndipo uzifungue. Kitie kisahani alama, kwa sababu kingo zake zimechongwa kwa mshazari na kina upande wake na juu yake. Wakati wa kurudisha, kifunge kikiwa kimelegea, uachie spindeli ijifunge yenyewe, kisha inua kabureta uitazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukionekana upande mmoja tu, kisahani hakijakaa sawa. Ukiridhika, kaza skrubu mpya na uzipanue ncha, kwani ikichomoka moja inakwenda moja kwa moja kwenye silinda.

Zenith hii ina udhaifu mwingine, nao ni wake hasa: mfuniko wa juu unapinda, kwa joto na kwa mafundi wanaokaza skrubu kana kwamba wanafunga gurudumu. Ukipinda, petroli inavutwa kwenye koo la kabureta kupitia maungio badala ya kupita kwenye jeti, vile vitundu vidogo vinavyoipima. Plagi zinakuwa nyeusi, moshi unakuwa mweusi, na hapo utapuliza jeti kwa upepo hadi uchoke. Laza msasa laini wenye maji juu ya kioo kinene, usugue uso wa mfuniko na ule wa kiwiliwili mpaka vyote viwe bapa. Badilisha oringi (pete ya mpira ya kuzibia), na iwe inayostahimili petroli. Ya bomba la maji itavimba.

Wapo wanaonunua Weber 34 ICH, na siwezi kuisema vibaya. Ni kabureta nzuri, ila ni ndogo: milimita 34 pale ambapo injini ilipewa 36, na ukipanda mlima na mzigo utaisikia tofauti. Ninachokipinga ni zile nakala za bei chee. Nimefungua mpya kabisa nikakuta spindeli inacheza kuliko ile iliyotolewa. Mtu analipa pesa kununua ugonjwa uleule aliokuwa nao bure.

Halafu tunasema mafundi wa kabureta wamekwisha. Si kweli. Nenda kwenye kijiwe cha mafundi wa pikipiki asubuhi yoyote: kijana wa miaka ishirini anafungua kabureta, anasafisha jeti, anapima floti (kiboya kinachodhibiti kiwango cha petroli), na abiria wa bodaboda anasubiri pembeni. Ile ya pikipiki imejengwa tofauti, lakini anayeelewa floti na jeti za pikipiki ya Boxer hatashindwa na Zenith akioneshwa mara moja. Anachokosa ni kazi zenyewe, maana wenye gari tunazipeleka dukani.

Kwa hiyo kama una Zenith kuukuu stoo, usiwape watu wa chuma chakavu. Hata iliyopasuka kiwiliwili ina mfuniko, floti na jeti halali za kuokolea nyingine. Na mkerezaji akikwambia kazi ya bushi ni ya siku nzima, mlipe siku nzima.