Nani Kachomoa Betri Yangu?

Fundi wa Kariakoo alifungua kasha, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akanyamaza. Fundi akinyamaza, shika pochi. Kisha akaniuliza taratibu, kama daktari anayetaka kujua umekuja na ndugu yako yupi: "Bosi, betri iko wapi?"

Hiyo mashine niliiunda kwa mikono yangu. Kompyuta ya mtumba iliyostaafu ofisini kwa watu, ndani nikaweka Linux na programu ya Tvheadend, nyuma nikachomeka kidude cha USB cha kunasa matangazo ya televisheni ya kidijitali (DVB-T2), waya wa antena ukaingia hapo. Inarekodi vipindi, sisi tunavitazama tukipenda. Haina skrini wala kibodi. Naiendesha kutoka kwenye laptopu, yenyewe imekaa juu ya kabati la vyombo, haitoki, kama mwali. Mke wangu anaiita mke mwenzie.

Sasa, tarehe 18 Desemba 2022, fainali ya Kombe la Dunia iligongana na sherehe ya kumuaga mpwa wangu anayeolewa. Mpira saa kumi na mbili jioni, ukumbini saa kumi na mbili jioni. Nikawakusanya mashemeji na baba wadogo, nikawaambia kwa sauti ya mtu mwenye akiba benki: zimeni simu, msimsikilize mtu, mashine yangu inarekodi, tukitoka hapa tunautazama wote kwangu tangu dakika ya kwanza. Wanaume saba wakazima simu. Baba mdogo akaongeza na pamba masikioni, hata MC alipomwita kutoa zawadi akabaki anatabasamu tu.

Tulifika kwangu saa saba usiku. Mashine imezimika.

Mwaka ule kulikuwa na mgao wa umeme, lakini mtaa wetu uko laini moja na hospitali, kwa hiyo tulikuwa tunausikia kwa wengine. Siku hiyo ukatukumbuka. Hata hivyo sikutishika, maana nilishaipanga iwake yenyewe umeme ukirudi. Basi mbona haikuwaka? Nikabonyeza. Feni ikavuma, taa ya kijani ikawaka, nikaiita kwenye laptopu. Kimya. Nikazima, nikawasha, nikaiita tena. Wanaume saba wameshika vikombe vya chai, wananitazama kama mganga aliyesahau dawa. Baba mdogo akaona hali si nzuri, akatoa pamba ili anisikie najitetea. Na dakika hiyohiyo bodaboda ikapita dirishani, abiria anapiga kelele: "Messiii! Penalti nne kwa mbili!"

Tatu kwa tatu mpaka dakika 120, Mbappé kafunga matatu peke yake, na sisi tulikuwa kwenye foleni ya ndafu.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa daktari bingwa. Nilichomoa ramu nikazisugua kwa ufutio wa penseli wa mwanangu. Diski nikaihamishia kwenye laptopu, nikaipima kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, ikatoka safi, hata sekta moja mbovu haina. Kidude cha antena nacho kwenye laptopu kilinasa chaneli zote bila kinyongo. Nikamalizia kwa kununua pawa saplai, shilingi elfu arobaini na tano, hela ya madaftari ya Januari. Feni ikavuma vizuri zaidi. Kimya kilekile.

Kuiunganisha na skrini nione inasema nini? Mazabodi ile ina VGA tu, na televisheni yangu haina tundu la VGA. Kuazima skrini kwa jirani ningeweza, ila jirani ni mmoja wa wale saba.

Ndiyo nikaibeba Kariakoo. Fundi akachomeka skrini yake, maandishi yakatokea: betri ya CMOS hakuna, saa imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Na tarehe, Januari 1, 2009. Wiki mbili ile maskini ilikuwa imesimama inaomba mtu abonyeze F1, na mimi sijaipa kibodi! Bila betri, umeme ulipokatika tu ilisahau saa, ikasahau na agizo langu la kujiwasha. Fundi akasogeza waya za pawa saplai, akanionyesha tundu la duara, jeupe, tupu. Mimi macho yote yalikuwa kwenye ramu.

"Nimeibiwa," nikasema. Mshukiwa nilikuwa naye tayari: fundi wa mtaani kwetu, aliyeipuliza vumbi mwezi wa tisa. Nikampigia nikiwa palepale dukani, nikamsema mpaka wateja wakaacha kuchagua chaja. Yeye anasema tu, "Kaka, mimi? Betri?" Nikamkatia simu.

Nikanunua betri mpya, CR2032, shilingi elfu mbili, nikarudi nyumbani nimenuna. Sebuleni mama mkwe amekaa mezani, anajichoma kidole. Kipimo chake cha sukari kikalia: pii!

Miguu ikaniisha nguvu.

Mwezi wa kumi, saa tano usiku, kile kipimo kilizimika, maduka yamefungwa, mama hajapima na ana wasiwasi. Nikakifungua: CR2032. Nikapanda juu ya kiti, nikamchomolea mke mwenza betri yake, nikijisemea kwamba mashine iko kwenye umeme saa ishirini na nne, saa yake haitapotea, kesho nanunua nyingine. Mama alinipa dua ndefu sana usiku ule. Nadhani dua ndiyo iliyonisahaulisha.

"Sita nukta moja," mama akasema kwa furaha. "Na ile betri uliyonipa, baba, imara kweli."

Nikaingia chumbani, nikamwandikia fundi ujumbe: samahani, betri nimeiona, ilikuwa imedondokea chini ya feni.

Jibu likaja papo hapo: "Haina shida kaka. Shemeji ameshanieleza. Mama anaendeleaje na sukari?"