Mlango unafunguka, au unafunguliwa?

Jumamosi iliyopita nilikaa na wanafunzi kumi na wawili wa video, Temeke, tukisoma skripti zao za kwanza, yaani filamu zikiwa bado kwenye maandishi. Karibu kila mmoja alikuja na karatasi aliyopewa chuoni: maneno sitini ya filamu, yote ya Kiingereza, na maana zake kwa Kiingereza. Wameyakariri. Ukiuliza neno, wanakujibu bila kukwama.

Kisha nikafungua skripti ya binti mmoja. Mazungumzo matamu, mama anamsema mwanawe mpaka sauti yake unaisikia. Lakini pale panapotakiwa maelezo ya kinachoonekana, kaandika: "Asha is sad." Basi.

Nikamuuliza, "Huyo Asha anafanya nini mpaka nijue ana huzuni?"

Akanyamaza kidogo. "Anakunja kanga ya marehemu bibi yake, mwalimu. Akimaliza anaikunjua. Anaikunja tena."

Wenzake wakatulia. Sini, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja, alikuwa nayo muda wote, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kuiandika kwa lugha aliyoiwazia. Nimeudhika nalo hilo wiki nzima.

Kanuni ya kwanza ya skripti ni kuandika kinachoonekana na kinachosikika tu. Kamera haioni huzuni, inaona mikono na kanga. Kanuni hiyo inadai vitenzi, na kwa vitenzi Kiswahili hakijawahi kulala njaa. Kwenye skripti za Kiingereza cha kuungaunga kila mtu "walks", mzee, mlevi na mwizi sawasawa. Kwa Kiswahili mzee anajikongoja, mlevi anapepesuka, mwizi ananyata. Mwigizaji akisoma "anajikongoja", mgongo wake unajua la kufanya kabla mwongozaji hajafungua mdomo.

Na tazama mlango. "Mlango unafunguka": hatujui ni upepo au ni mtu, kamera inabaki palepale na moyo unaanza kudunda. "Mlango unafunguliwa": kuna mkono upande wa pili. "Juma anafungua mlango": sasa tuko na Juma. Silabi mbili tatu za kitenzi zimeshampa mpiga kamera shoti tatu tofauti, yaani vipande vitatu vya kurekodi. Kauli ya kutendeka na ya kutendwa watoto wetu wanafundishwa shuleni, wanajibia mtihani, halafu wanafika chuo cha filamu na hakuna anayewaambia kwamba kile ni kifaa cha kazi, sawa na lenzi.

Wala hatuanzi sifuri. Aliyesoma fasihi anajua mhusika, anajua onyesho, anajua maelekezo ya jukwaani. Tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilichapishwa 1969, na anayeisoma anawaona watu wanavyoingia na kutoka kwa Kiswahili kitupu. Kutoka hapo mpaka kichwa cha sini, "NDANI. SEBULENI. USIKU.", ni hatua moja tu.

Sisemi tufukuze maneno ya kukopa. "Picha" peke yake inatutesa: ni ile ya ukutani, ni filamu nzima tunayokwenda kuitazama, na eti iwe pia kipande kimoja kamera inapowashwa mpaka inapozimwa. Mwaka juzi nilimwambia kijana apige picha tatu za mlango mmoja, akaniletea picha tatu za mnato, safi kabisa. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nasema shoti, na nasema sini pia, maana "onyesho" watu wanaelewa shughuli nzima ya jukwaani. "Ekisheni" ya kuanza na "kati" ya kusimamisha ziko midomoni mwa kila fundi pale tunaporekodi. Neno likishaingia kazini, liandikwe jinsi tunavyolitamka na kazi iendelee.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba anayetafuta fedha za nje ataombwa skripti ya Kiingereza. Aitafsiri siku hiyo. Kutafsiri skripti iliyo hai kunawezekana, lakini ile iliyozaliwa bila vitenzi utatafsiri nini? Filamu ya *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, 2021 ikizungumza Kiswahili.

Walimu wenzangu, nawaomba jambo moja. Kabla ya kugawa ile karatasi ya maneno sitini, mpe mwanafunzi ukurasa mtupu na umwambie aandike dakika moja ya mtu aliye peke yake chumbani, asitumie neno lolote la hisia. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo atajaza ukurasa. Majina ya shoti atayapokea vizuri zaidi akiwa na kitu cha kuyawekea.

Yule binti aliandika upya palepale, kwa penseli, nyuma ya karatasi yake ya maneno:

"SINI YA 3. NDANI. CHUMBANI KWA ASHA. USIKU. Asha ameketi ukingoni mwa kitanda. Anakunja kanga. Anaikunjua, anailaza pajani, anaipapasa ilipotoboka. Mlango unafunguka. Hageuki. Anaikunja tena, jina la kanga likiwa juu."

Nikamuuliza kanga hiyo imeandikwa nini. Akasema hajui bado, akifika nyumbani atamuuliza mama yake.