CT scan ikitoka safi, kazi ndiyo kwanza imeanza

Kauli ambayo ndugu wa mgonjwa huipokea kwa furaha kuliko zote kwenye korido za hospitali ni hii: "CT scan haijaonyesha kitu." Alhamdulillah, twendeni nyumbani. Na ni habari njema kweli, kwa sababu kipimo kile hutafuta damu iliyovujia ndani ya kichwa na mfupa uliovunjika. Ila mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani kwenye picha ile. Filamu inaweza kuwa safi huku mwenye kichwa chake akishindwa kusoma ukurasa mmoja wa gazeti bila kichefuchefu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Dar es Salaam. Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye mchanga, nikaangukia bega na kichwa, helmeti ikiwa imefungwa vizuri. (Helmeti inaokoa fuvu. Haiwezi kuzuia kabisa ubongo usiyumbe ndani. Ivae tu.) Nikapewa ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, ya siku tatu na Panadol, na ED ilipoisha nikajikuta kati ya kambi mbili. Kazini mkuu wa shule, muungwana kabisa, aliniambia, "Mwalimu, pole sana, lakini nakuona mzima." "Nashukuru, Mkuu, bado kichwa kidogo." Nyumbani, shangazi alishafunga mapazia. Hakuna simu, hakuna kutoka, hakuna redio. "Lala mwanangu, mpaka kichwa kiache chenyewe."

Msimamo wangu ni kwamba kambi zote mbili zinamchelewesha mgonjwa, na ya shangazi ndiyo inayohitaji kujibiwa zaidi kwa sababu ina sura ya huruma. Tena hata madaktari walikuwa wakishauri hivyo miaka si mingi iliyopita. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni walipokutana Amsterdam mwaka 2022, tamko lao lililotoka mwaka uliofuata lilisema wazi: pumzika saa 24 hadi 48, na hata hizo si za kujifungia gizani, kisha anza kutembea na shughuli nyepesi hata kama dalili bado zipo. John Leddy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, waliwagawa vijana wanamichezo waliotikisika ubongo makundi mawili, wengine wakafanya mazoezi mepesi ya kupandisha mapigo ya moyo, wengine kunyoosha viungo tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: kundi la kwanza lilipona kwa wastani wa siku 13, la pili 17. Siku nne si nyingi, lakini zinatosha kuonyesha kwamba kutembea hakuharibu ubongo.

Kabla sijaendelea: maumivu yanayozidi kila saa, kutapika tena na tena, degedege, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyenzake, ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, au mtu kushindwa kuamka, hayo si ya kutafutia nafuu nyumbani. Ni kurudi hospitali usiku huo huo. Kumkesha macho mgonjwa asilale, kama wazee wanavyoagiza, si lazima akishakaguliwa na daktari, usingizi unamsaidia.

Sasa kipimo cha kujiongoza. Kabla ya kufanya jambo, jiulize kichwa kinasumbua kiasi gani kati ya 0 na 10. Tuseme 3. Tembea. Kikifika 5, endelea ukijichunga. Kikipita hapo, simama. Kikirudi chini ndani ya saa moja, hujaharibu kitu, kesho rudia. Kikigoma hadi jioni, ulizidisha, kesho punguza. Basi. Kwangu ilianza na kwenda dukani kwa Mangi asubuhi kabla jua halijawa kali, ikafika sokoni, ikafika kituoni. Jambo la kuogopa ni ile siku unayoamka mwepesi, ukafua, ukapiga deki, ukaenda msibani, kisha ukalala siku mbili zinazofuata. Siku nzuri ndiyo ya kujizuia zaidi.

Daladala inastahili aya yake. Kwa mtu mwenye kizunguzungu, kusimama katikati ya basi huku umeinamisha shingo, vitu vinapita dirishani upande kwa upande, konda anapiga bodi, spika iko juu ya sikio, ni adhabu. Saa nne asubuhi magari yanakuwa na nafasi. Kaa mbele karibu na dereva, tazama mbali barabarani, simu iwe mfukoni. Usifumbe macho safari nzima, kwa sababu ubongo unahitaji kuzoea mwendo upya. Kariakoo ni hivyo hivyo: umati unaopita pande zote huchosha macho kuliko kutembea kwenyewe, kwa hiyo anza na mitaa ya pembeni, toka, rudi siku nyingine.

Kuinama nako. Kufagia kwa ufagio wa njiti, kufua kwenye beseni chini, kukuna nazi juu ya mbuzi: kazi hizi zinashusha kichwa na kukipandisha mara mia. Inua beseni juu ya stuli, osha vyombo umekaa, fagio liwe la mpini mrefu. Anayeswali na kuona dunia inazunguka akisujudu aswali kwenye kiti. Ruhusa hiyo ipo kwa mgonjwa na haina haja ya kuionea haya.

Ila kizunguzungu si kimoja. Kama kinakuja ukigeuka kitandani au ukitazama juu, chumba kinazunguka chini ya dakika moja kisha kinatulia, huenda ni chembechembe ndogo za sikio la ndani zilizohama mahali pake kwa kishindo. Hilo hurekebishwa kwa kulazwa na kugeuzwa kichwa kwa utaratibu maalumu, dakika chache tu, na daktari wa masikio au mtaalamu wa mazoezi tiba anayeijua kazi hiyo. Inaniudhi kuona watu wanameza vidonge vya kizunguzungu miezi kwa miezi, wakati vingine vinauzuia ubongo kujizoesha, na hakuna aliyewahi kuwageuza kichwa. Muulizie mtaalamu huyo wa mazoezi tiba mapema. Ndiye pia wa shingo: mwanguko uliotikisa ubongo umeivuta na shingo, na maumivu yanayoanzia kisogoni na kupanda hadi juu ya jicho mara nyingi yanatoka huko.

Mwanga. Miwani ya jua ivae nje. Ukiivaa ndani mchana kutwa macho yanazidi kushindwa kuvumilia mwanga. Kapelo inatosha chini ya taa za tyubu zinazopepesa. Pamba za masikio ni hivyo hivyo, kwa ajili ya kelele za ukumbi wa harusi, si za sebuleni kwako. Simu iguse kidogo sana siku mbili za mwanzo, kisha rudi nayo ukiwa umepunguza mwanga na kukuza maandishi. Kilichonishinda mimi ni kule kupitisha kidole picha zikipanda haraka haraka. Kwenye magrupu ya WhatsApp niliwaomba wanitumie sauti.

Vidonge nitavipitia haraka ingawa vina hila. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zisubiri siku za mwanzo kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya damu kuvuja, Panadol inatosha. Lakini ukiimeza siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza kichwa. Kwa zile zenye mchanganyiko wa dawa na kafeini, ni siku 10 tu. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila unapomeza, halafu mwonyeshe daktari kalenda. Pombe acha kabisa kwa sasa. Usingizi: amka saa ile ile kila siku, na wa mchana usizidi nusu saa.

Hasira ndizo ambazo hakuna aliyetuonya. Mtu mpole anamfokea mtoto kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, kisha anajifungia chumbani akilia. Familia inadhani kabadilika tabia, wengine wanaanza kunong'ona kuhusu mkono wa mtu. Ni dalili, kama kizunguzungu kilivyo dalili, na kwa wengi hupungua pamoja na nyingine. Ikigeuka huzuni isiyotoka, au wazo la kutotaka kuishi, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, akiwa na mtu wa kukaa naye.

Kwa kazini, nimegundua "bado naumwa" haimsaidii bosi kupanga kitu. Mpe orodha. Mimi niliomba vipindi vya asubuhi tu, mapumziko kati ya kimoja na kingine, mitihani nisahihishie nyumbani kwa mafungu madogo, na gwaride la asubuhi nisimame nyuma, mbali na kipaza sauti. Mkuu wa shule alisoma, akacheka kidogo kwenye hilo la kipaza sauti, akasaini. Madereva wa bodaboda wenyewe hawana wa kuwasainia, na ndio wanaoanguka zaidi. Kwao naomba chama cha kijiweni kiwachangie hesabu ya tajiri mpaka kichwa kitulie, kwa sababu pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni hatari zaidi, na kichwa kizito hakioni lori kwa wakati.