Wi-Fi kwanza, uchamungu baadaye

Wananichosha wanaoitukana Debian, mfumo endeshi huru wa kompyuta, eti imesaliti uhuru wa programu, yaani msimbo ulio wazi kwa kila mtu. Kisa? Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kuruhusu hilo, na tangu toleo la 12 la 2023 kisakinishi rasmi, yaani programu ya kuiweka Debian kwenye kompyuta, kinabeba vijiprogramu vilivyofungwa (msimbo wake umefichwa), vile ambavyo bila hivyo kadi nyingi za Wi-Fi hazifanyi kazi. Kabla ya hapo kisakinishi rasmi kilikuacha ukavitafute mwenyewe kwenye intaneti, na intaneti ndiyo hiyo huna! Ukishindwa unarudi Windows, iliyofungwa yote. Uhuru gani huo?

Kinachonikera mimi ni kwamba vinawekwa vyenyewe, na kuvikataa mpaka ujue amri ya kuandika kabla kisakinishi hakijaanza. Si mniulize tu? Na watengenezaji wa chipu wanaoficha msimbo, mbona hawatukanwi hivyo?