Maumivu ya mshono: dawa kwa saa, au mpaka mama alalamike?

Katika wodi za wazazi mkoani Tanga, mama aliyejifungua kwa upasuaji husifiwa kwa kujikaza. Ganzi ya mgongoni ikishaisha, akiomba dawa, huenda jamaa waliomletea uji wa pilipili manga wakamwambia kwamba uzazi ndivyo ulivyo. Linalobishaniwa ni iwapo apewe dawa kwa saa maalumu, au asubiri mpaka alalamike.

Wanaotaka kusubiri wana hoja. Dawa kali za jamii ya mofini huleta usingizi, kichefuchefu na kuwashwa, tena hupita kwenye maziwa. Pethidini, mojawapo ya dawa hizo, ikirudiwarudiwa humsinzisha mtoto akanyonya kwa uvivu. Kodeini nayo, kwa akina mama ambao miili yao huigeuza haraka kuwa mofini, inaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha wanaonyonyesha dhidi yake pamoja na tramadoli.

Hofu hiyo, hata hivyo, inahusu kundi moja, nasi tumeitandaza juu ya dawa zote. Parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6, pamoja na diklofenaki au ibuprofeni, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno, na zikitolewa kwa ratiba hupunguza haja ya dawa kali. (Diklofenaki haimfai mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au anayevuja damu nyingi, hilo daktari aliulize mapema.) Mama anayeinuka kitandani ameubana mshono kwa khanga iliyokunjwa, asiyethubutu kukohoa wala kutembea kwa maumivu, yumo katika hatari ya damu kuganda miguuni, na kumpakata mtoto anyonye kunamshinda.

Mofini kidogo inayotiwa pamoja na ganzi ya mgongoni hutuliza maumivu kwa saa 12 hadi 24, lakini inataka muuguzi wa kufuatilia upumuaji wa mama usiku kucha. Pale ambapo muuguzi mmoja ana vitanda vingi, naona ratiba ya parasetamoli na diklofenaki, iliyoandikwa kwenye faili na kufuatwa hata kama mama amenyamaza, ndiyo itangulie, na dawa kali zibaki kwa yule ambaye hizo hazikumtosha.

Kuhusu kukandwa kwa maji ya moto akisharudi nyumbani, mgongo na miguu sina ugomvi navyo. Tumbo lenye mshono mbichi liachwe: ngozi inayouzunguka huwa bado ina ganzi, hivyo mama anaweza kuungua asihisi, na mkandamizo waweza kufumua kidonda.